Fundi Sikio na Daktari wa Damu

"Mama watoto, suruali hii nayo inanibana."

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani. Suruali hiyo aliipanua kiuno mwezi uliopita tu. Ile ya kijivu aliipanua kabla ya hapo.

"Unakula wapi wewe?" aliuliza. "Hapa nyumbani unagusa tonge mbili, unasukuma sahani."

"Ni utu uzima. Mzee bila kitambi, watu watasema mkewe hapiki."

Mke akacheka, akaipokea suruali. Lakini alipokuwa akifumua mshono alimtazama mumewe vizuri. Mikono ilikuwa imekonda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kiuno peke yake ndicho kilichotaka nafasi. Yeye alishona nguo tangu usichana wake, na hakupenda alichokiona.

Walifanya kazi katika chumba kimoja, mlango ukitazama barabara. Mke alishona sare na magauni. Mume alitengeneza vyerehani vya mtaa mzima. Watu walimwita Sikio, kwa sababu hakutaka kuambiwa ubovu wa mashine. Mteja akianza kueleza, yeye hunyanyua kidole.

"Nyamaza. Mashine itasema yenyewe."

Kisha huzungusha gurudumu, huinamisha kichwa, hutaja ubovu. Mara nyingi alipatia. Siku alizokosea alifungua na kufunga mpaka mashine ikapona, halafu akasema ndivyo alivyosikia tangu mwanzo. Nani angembishia?

Sasa Sikio alikuwa akichoka. Akinyanyua mashine kuiweka mezani, alihema. Michubuko ilimtoka mikononi bila kugongwa popote. Kikohozi kilimshika na hakikutaka kumwachia. Alikuwa ameshazunguka kwa madaktari kadhaa. Kila mmoja alimpa vidonge vya kuongeza damu, na kila mara alirudi amenuna.

"Hawajui kazi," alisema.

"Uliwaambia nini?" mkewe aliuliza.

"Niwaambie nini? Nilisema nimechoka kidogo, nikakaa. Daktari hodari ataona mwenyewe. Mimi nani huniambia ubovu wa mashine?"

Mke akashika kichwa. Kumbe mumewe alikuwa akienda hospitali kuwatahini madaktari.

Nyumba ya nyuma alikaa muuguzi wa hospitali ya rufaa. Alifanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa damu, na mtaa wote ulimwita Sista. Alikuja kujaribu sare yake mpya. Mke wa Sikio akiwa na pini mdomoni, alimsimulia habari za mumewe na suruali zake. Alidhani watacheka pamoja.

Sista hakucheka.

"Dada, suruali inabana upande gani?"

"Kushoto, chini ya mbavu. Anasema panajaa hata akila kidogo."

"Hapo kuna wengu, yaani bandama. Wengu ukivimba, hulibana tumbo la chakula. Mtu hushiba kwa tonge mbili. Sisemi ana ugonjwa gani, mimi si daktari. Lakini uchovu, michubuko, kikohozi kisichoisha na huo uvimbe, yote hayo ayasikie daktari mmoja, kwa siku moja."

"Shemeji yako hasemi."

"Basi nenda naye ukaseme wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Walikwenda hospitali ya wilaya. Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Sikio alikaa kitini kama aliyekuja kupigwa picha.

"Unasumbuliwa na nini, mzee?"

"Nimechoka kidogo."

"Daktari," mkewe akadakia, "mwenzangu huyu anakonda, lakini kila mwezi nampanulia suruali." Akaeleza mengine yote. Sikio alimtupia jicho, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Daktari alimlaza kitandani, akambonyeza tumbo upande wa kushoto. Akatoa damu, akaipeleka maabara. Walipoitwa tena, daktari alivuta kiti, akakaa karibu nao.

"Mzee, damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kwako kuna chembe mbaya zinazoongezeka na kuzinyima nafasi zile nzuri. Ndiyo maana unachoka, unapata michubuko, na mwili hauna nguvu ya kupigana na maradhi. Nadhani ni saratani ya damu, aina moja ya nadra. Chini ya hadubini, chembe zake huonekana kama zina vinyweleo."

Mke alisogeza kiti chake karibu na cha mumewe. Aliogopa sana. Akaushika mkono wa mumewe mbele ya daktari, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka mingi.

"Nitakufa lini?" aliuliza Sikio.

"Sijasema utakufa. Aina hii huenda polepole, na dawa zake zipo. Wengi wakitibiwa vizuri hupata nafuu ya miaka mingi. Lakini lazima ithibitishwe kwa vipimo ambavyo sisi hatuna. Na mimi sijawahi kuitibu. Nakupa rufaa uende kwa daktari bingwa wa magonjwa ya damu."

"Je, inaambukiza?" mke aliuliza. "Tunakula sahani moja."

"Haiambukizi, mama. Kuleni."

Nyumbani Sikio alilipuka.

"Umemsikia? Amekiri kwa mdomo wake kwamba hajui! Sasa mimi nimepata mtu." Akatoa simu. Kwenye nguzo ya barabarani palikuwa na tangazo la bingwa anayetibu saratani zote kwa haraka, na Sikio alikuwa ameinakili namba. "Huyu habahatishi. Zote anazijua."

Kabla mkewe hajajibu, mteja aliingia na mashine kubwa ya kutarizi, ile inayoendeshwa kwa kompyuta. Sikio aliitazama tu. Hakuigusa.

"Mama, hii sijawahi kuifungua," alisema. "Nikianza kupapasa nitakuharibia. Nenda kwa fundi aliye nyuma ya soko. Yeye amefungua nyingi za aina hii. Mwambie nimekutuma mimi, na umweleze ilianzaje."

Mteja alishukuru, akaondoka. Mke aliondoa mguu kwenye pedali.

"Baba watoto, huyo mama akaseme mtaani kwamba hujui kazi?"

"Kwa nini? Nimemwambia ukweli."

"Na yule daktari amekwambia nini?"

Sikio alirudisha simu mfukoni. Alisafisha bisibisi ambayo haikuwa chafu. Jua lilipopungua makali, akaiweka chini.

"Mwite Sista," alisema.

Sista alikuja na kukaa kwenye benchi la wateja. Kwanza aliuliza kuhusu mtu wa tangazo.

"Shemeji, ukimpigia, mwulize amesajiliwa wapi na anatibu katika hospitali gani. Daktari wa kweli amesajiliwa, na baraza la madaktari linaweza kukuthibitishia. Tena anayeahidi kukuponya kabla hajakupima, huyo anauza maneno."

Sikio alipiga palepale. Sauti upande wa pili ilimwahidi uponyaji kabla hajamaliza salamu. Alipouliza habari za usajili, simu ilikatika. Alipiga tena. Haikupokelewa.

"Mtandao," mkewe alisema, na Sista akageuza uso asicheke.

"Sasa sikilizeni," Sista alisema. "Saratani za damu ni nyingi, na kila moja ina dawa yake. Kwa hiyo hutafuti bingwa yeyote tu. Unatafuta bingwa wa magonjwa ya damu, na ikiwezekana aliyewahi kuutibu ugonjwa wako huu. Pale kwetu ipo kliniki ya damu. Nendeni na rufaa yenu na majibu yote, hata ya wale madaktari wa kwanza."

"Tukimkuta hajawahi kuutibu?" mke aliuliza.

"Mwombeni ashauriane na aliyewahi. Madaktari huulizana, hata walio mbali. Wakati mwingine bingwa hupanga matibabu, na daktari wa karibu nawe anakusimamia, usisafiri kila wiki."

"Nitamwulizaje mtu mzima kama anajua kazi yake?" Sikio alisema. "Si ni kumtukana?"

"Kuuliza si ujinga, shemeji, wala si tusi. Ni mwili wako."

Kliniki ilikuwa na benchi refu na watu wenye subira. Daktari bingwa alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni. Alisoma rufaa yote, na majibu yote ya zamani, pasipo haraka. Sikio alikohoa.

"Daktari, usikasirike. Ugonjwa huu umewahi kuutibu?"

"Sina sababu ya kukasirika. Nimeutibu. Si wagonjwa wengi, maana wenyewe ni wachache, lakini wapo wanaokuja bado kupimwa, wanatembea kwa miguu yao. Nikikwama huwauliza wenzangu." Akavaa miwani. "Sasa na mimi nikuulize. Ulianza lini kujisikia tofauti?"

Sikio alimgeukia mkewe. Mkewe aligeuka kutazama dirisha, akaendelea kulitazama. Alikuwa ameamua kwamba siku hiyo hatamsemea.

Sikio alikohoa tena. Kisha akaanza. Alisema uchovu. Alisema tumbo. Alisema majipu aliyoyaficha chini ya shati. Alisema kwamba mara moja alianguka dukani, mkewe akiwa amekwenda kununua nyuzi, akajiinua kwa kushika meza na kufuta vumbi kabla mkewe hajarudi.

Mkewe aliumia kusikia hayo. Alitaka kumgombeza, na alitaka kulia. Akaendelea kutazama dirisha, machozi yakimtoka.

Walimchoma sindano ya ganzi, wakamtoa uboho kidogo kwenye mfupa wa nyonga. Vipimo vikathibitisha kwamba ni aina ileile aliyoidhania daktari wa wilaya. Sikio alilazwa, akapewa dawa kwa dripu kwa siku chache. Siku ya kuruhusiwa, daktari bingwa aliwakalisha wote wawili.

"Dawa imeanza kuua chembe mbaya, lakini kwanza itashusha kinga yako. Wiki hizi ni za hatari. Ukipata homa, hata ndogo, usimeze kidonge ukalala. Usingoje kesho. Njoo saa hiyohiyo. Lakini mimi sitakuwepo kuiona homa yako, mzee. Wewe ndiye utakayesema."

Mke alikaa na maneno hayo moyoni. Alimjua mumewe. Asubuhi alimgusa paji la uso, mchana akamchungulia, jioni akamgusa tena, mpaka Sikio akauliza kama yeye ni pasi inayosubiriwa ipate moto.

Halafu mchana mmoja mteja alikuwa amesimama mlangoni na mashine yake. Sikio alikuwa amekaa tu, akitoa maelekezo. Ghafla alinyamaza, akajisikiliza.

"Mama watoto," alisema, kwa sauti, mbele ya mteja. "Nina homa. Imeanza sasa hivi. Ndani natetemeka. Funga duka twende."

Mkewe aliacha gauni chini ya sindano. Hakumgusa paji la uso. Alichukua mfuko wa hospitali aliokuwa ameuweka tayari nyuma ya mlango, na mteja mwenyewe akakimbia kuwatafutia gari.

Hospitalini walimwekea dawa za kupambana na maambukizi kwenye mshipa mara moja. Kesho yake daktari bingwa alisimama miguuni pa kitanda.

"Nani aliyeigundua homa?"

"Yeye," mke alijibu. "Alisema mwenyewe."

"Umefanya vyema, mzee. Ungevumilia mpaka asubuhi, huenda tusingekuwa tunazungumza."

Homa ilishuka. Baada ya miezi kadhaa damu ilipanda, na wengu ukarudi mahali pake. Daktari aliwaeleza wazi kwamba ugonjwa umetulia, na siku moja unaweza kurudi. Ukirudi utatibiwa tena, ndiyo maana haachi kwenda kupimwa. Sikio ananyanyua mashine, anakula, anabisha.

Siku hizi mtu akipita na kumwuliza, "Hujambo, fundi?", Sikio anaeleza. Anaeleza alivyolala, alivyoamka, tumbo, miguu, na majibu ya kliniki, mpaka aliyeuliza anaanza kutazama njia. Majirani wanamwonea huruma mkewe. Mkewe anashona huku akimsikiliza, na wala hamkatizi.