Futari ya Saa Tisa Mchana

Walikutana Hounslow, London, dukani kwa Jaya, Jumamosi ambayo hata pa kuweka mguu hapakuwa. Mwanakheri alishika mkebe wa mwisho wa tui la nazi. Mkono wa mwanaume ukatua juu ya wake.

"Dada, tugawane," akasema yule mwanaume kwa Kiswahili cha Mombasa, koti lake la kijivu likichuruzika mvua.

"Mkebe mmoja tutaugawa vipi, kaka?"

"Wewe upike, mimi nije kula."

Mwanakheri akaangua kicheko, ushungi wake wa zambarau ukamteleza hadi begani. Yule mwanaume, Msabaha, akamganda tangu siku hiyo.

Baada ya mwaka mzima wa mapenzi, Msabaha alipata kazi ya bohari huko Salalah, Oman. Aliahidi kurudi Idi wafunge ndoa. Mwanakheri akashonesha gauni, na mama yake kule Mombasa akatangazia mtaa mzima. Penzi likahamia kwenye simu.

"Huku manyunyu kutwa, laazizi," Msabaha alisema. "Milima kijani, madafu yanauzwa njiani, na kuna wazee wanaongea Kiswahili kutushinda sisi. Ila usinipigie mchana. Mle bohari hamna mtandao."

Ramadhani iliangukia kiangazi, na jua la London halikutaka kuzama mpaka saa tatu usiku ipite. Kila Mwanakheri aliposhika tende, simu ililia. Salalah ilikuwa saa sita usiku.

"Lala, roho yangu, kesho una kazi."

"Nilale vipi na wewe hujafungua? Nakesha kwa ajili yako."

Wallahi, maneno hayo yalimnenepesha! Aliyasimulia hata kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mpaka Jedidah, Mkenya mwenzake, akamwonea wivu. "Wangu akilala hata nyumba iungue haamki," alisema.

Siku moja akiwa kazini, saa sita mchana, hamu ilimzidi Mwanakheri. Akapiga, mtandao uwepo usiwepo. Msabaha akapokea mdomo umejaa.

"Karibu futari, mpenzi!"

Lilimtoka tu, jamani. Mtu wa pwani hawezi kutia tonge mdomoni bila kukaribisha.

"Futari?" Mwanakheri akatazama saa ya ukutani. "Huko kwenu ni saa tisa mchana, Msabaha."

"Aa... naumwa. Nimekula leo."

"Anayeumwa hula chakula. Hakaribishi watu futari."

Nyuma yake mwanamke akauliza jambo kwa lugha ngeni, sahani zikagongana.

"Uko wapi wewe?"

Msabaha akashusha pumzi. "Kuching. Malaysia. Huku ni saa moja jioni, tumeshafungua. Kazi ya Salalah iliisha zamani, rafiki akaniita huku. Mji mzuri, Mwanakheri, una mto mkubwa, na mvua yake si manyunyu, ni ya radi..."

"Nimekuuliza mvua mimi? Huyo ni nani?"

"Mke wangu. Nilitaka kukwambia baada ya Idi."

Baada ya Idi, na gauni liko kabatini! Mwanakheri alikata simu, akajifungia stoo ya mashuka, akalia kwa kwikwi. Jedidah alimfuata na glasi ya maji.

"Kunywa kidogo, mama."

"Nimefunga," akasema, akalia zaidi.

Jioni alikaa peke yake dirishani, tende mkononi. Jua lilipozama, simu ikalia vilevile. Aliitazama ikilia, akapiga hesabu ambayo hakuwahi kuipiga. London saa tatu usiku, Kuching saa kumi alfajiri. Wakati wa daku.

Kumbe hakuna usingizi uliokatwa kwa ajili yake! Bwana huyu aliamka kula daku ya mkewe, na yeye Mwanakheri alipigiwa simu wali ukipashwa moto.

Akapokea.

"Mwanakheri, nisikilize..."

"Kula, Msabaha. Kunakaribia kucha huko."

Akazima simu, akala tende yake.