Simu Iliyokataa Laini

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, Mbuke alikatiza soko la Shinyanga akiwa na kifurushi cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Alielekea kwenye baraza la duka la Mzee Jashvant, ambapo baba yake, fundi Maganga, alikuwa na meza ya kutengenezea redio. Mbuke alikuwa darasa la sita, mrefu kuliko wavulana wote wa darasa lake, na jambo hilo aliwakumbusha kila siku asije mtu akasahau.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Siku hizo redio ilikuwa na heshima kuliko kabati la vyombo. Ilivalishwa kitambaa cha kufuma, betri zake zikichoka zilianikwa juani kama udaga wa muhogo, na taarifa ya habari ikianza hata kuku walifukuzwa uani wasipige kelele. Fundi Maganga hakukosa kazi.

Alikuwa na desturi moja. Hakufungua redio ya mtu kabla ya kuuliza, "Nani ameigusa kabla yangu?"

"Hakuna, fundi," mteja angejibu haraka.

"Hakuna? Basi huu msumari uliomo ndani umeingia wenyewe, ulikuwa unatafuta kivuli?"

Watu wangecheka, kisha mteja angekiri kwamba shemeji yake alijaribu kidogo kwa kisu cha mboga. Hapo ndipo fundi angeshika kazi. Alisema redio iliyoharibika yenyewe na redio iliyoharibiwa hazitibiwi dawa moja.

Mwaka ule mnara wa simu za mkononi ulisimamishwa mjini, na watu walikwenda kuutazama kama wanavyotazama twiga. Mzee Jashvant hakutaka kupitwa. Mdogo wake, Chirag, aliyekuwa akiishi Uingereza, alimtumia simu kwa mkono wa mgeni. Ilikuwa nyeusi, nene, na ukiitia mfukoni suruali ililalia upande mmoja. Kabla hata hajaitumia, Mzee Jashvant alishawatangazia watu kwamba sasa lori lake la mizigo likifika Isaka, atajua hapohapo.

Alinunua laini, akaitia, simu ikawaka. Kisha ikaandika kwamba laini hiyo haikubaliki, na ikaomba namba ya kufungulia.

"Haikubaliki?" alifoka Mzee Jashvant. "Laini nimenunua leo asubuhi, bado inanukia duka!"

Alimpigia Chirag kwa simu ya mezani. Chirag akamweleza kwamba kampuni iliyouza simu ile huko Uingereza iliifunga isipokee laini ya kampuni nyingine yoyote. Namba ya kuifungua wanayo wao. Chirag akaenda kuiomba, akaambiwa asubiri. Akarudi, akaambiwa alete risiti. Akaleta, akaambiwa anayehusika yuko likizo. Wiki zikapita, simu ikalala kwenye droo.

"Baba Bhavna, hebu tupigie basi!" Generosa, muuza vitumbua wa pale barazani, alimtania Mzee Jashvant kila asubuhi.

"Nikupigie wewe, una simu?"

"Mimi sina. Lakini hata wewe huna, una kopo!"

Mzee Jashvant alicheka, ila meno tu.

Mchana mmoja, Mzee Jashvant akiwa benki na mkewe, Mama Bhavna, akiwa stoo, binti yao Bhavna alimwita Mbuke ndani. Wawili hao walikaa dawati moja shuleni na walipendana kama ndugu. Droo ilikuwa wazi.

"Baba anasema namba yenyewe ina tarakimu nane," alinong'ona Bhavna.

"Nane? Hiyo si tarehe? Siku, mwezi, mwaka! Mtu akitaka namba asiyoisahau anaweka sikukuu. Lete hapa, mimi mtoto wa fundi."

Mbuke akabonyeza tarehe tisa Desemba, mwaka sitini na moja. Uhuru. Simu ikakataa. Akajaribu Muungano. Ikakataa.

"Tia Saba Saba," alisema Bhavna.

"Waingereza watajuaje Saba Saba?"

"Si walitutawala? Wanajua!"

Saba Saba nayo ikagonga mwamba. Bhavna akatia tarehe aliyozaliwa yeye mwenyewe, kwa kuwa ba' mdogo Chirag alimpenda sana. Safari hii simu ikaandika maneno mengine ya Kiingereza ambayo hawakuyaelewa, na ile sehemu ya kuandikia namba ikatoweka.

"Imefanyaje?" aliuliza Bhavna.

"Imepumzika," alijibu Mbuke. Wakaizima, wakairudisha kwenye droo, kila mtu akaenda zake kama hawajuani.

Siku chache baadaye Chirag alipiga simu ya mezani kwa furaha. Kampuni imetoa namba! Mzee Jashvant akatoka barazani na simu yake mbiombio, akamkabidhi fundi Maganga, kwa kuwa vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinene na vitufe vilikuwa vidogo.

Fundi akaifuta kwa kitambaa. "Nani ameigusa kabla yangu?"

"Nani aiguse? Mimi peke yangu. Imelala kwenye droo kama mgonjwa."

Mbuke alikuwa amesimama palepale, matobolwa mkononi. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Fundi akaiwasha. Simu ikaandika maneno yake, ikanyamaza. Haikuomba namba. Fundi akaizima, akaiwasha tena. Vilevile.

"Umeifanya nini?" Mzee Jashvant alikuwa amekunja uso. "Mara ya mwisho nilipoiwasha, ilikuwa inaomba namba!"

"Baba Bhavna, nimeiwasha mbele ya macho yako."

"Mimi nimeona imetoka nzima kwenye droo yangu, na mikononi mwako imekufa! Redio, sawa, unazijua. Ungesema tu kwamba simu huiwezi." Wateja walishaanza kujaa, na hasira yake ikazidi kwa sababu ya macho yao. "Jumamosi uhamishe meza yako. Baraza langu si mahali pa kuulia vitu vya watu."

Fundi Maganga akamrudishia simu yake. Generosa alikuja taratibu kuchukua redio yake. "Si kwamba sikuamini, fundi," alisema akiangalia pembeni. "Ni kwamba... mume wangu anataka kusikiliza mpira." Mumewe hakuwa mtu wa mpira. Wengine wakafuata na visingizio vyao, na meza ikabaki na waya na chuma cha kuchomelea.

Jioni nyumbani, wakila ugali, baba alimwambia mama kwa sauti ya chini, "Huenda nikaenda Geita, kwenye machimbo. Watu wanasema kule mtu mwenye mikono hakosi kibarua."

Mama akaweka tonge chini. Mbuke alimjua jirani yao mmoja aliyekwenda Geita kwa mwezi mmoja. Watoto wake walikuwa wanamwona Krismasi hadi Krismasi, na mdogo wao alimwamkia kama mgeni.

Kesho yake alimvuta Bhavna nyuma ya darasa. "Leo tunasema."

"Baba ataniua!"

"Hakuui. Atakugombeza mpaka masikio yawe mekundu, basi. Mimi baba yangu anaondoka, Bhavna."

Bhavna akamtazama, akafuta machozi kwa pindo la shati. "Utaanza wewe?"

"Nitaanza mimi."

Duka lilikuwa limejaa watu wa kununua sukari na mafuta ya taa. Mbuke alisimama mbele ya kaunta. Urefu wake wote ulimwishia, akajiona mfupi kama chungu cha mboga.

"Shikamoo, Baba Bhavna. Simu hakuiua baba. Tuliiharibu sisi. Mimi nilibonyeza namba za kubahatisha mpaka ikaacha kuuliza. Na baba alipouliza nani ameigusa, nilikuwepo, nikanyamaza."

"Na mimi nilibonyeza," alisema Bhavna nyuma yake. "Droo nilifungua mimi."

"Namba gani mlibonyeza?" aliuliza Mzee Jashvant.

"Uhuru. Muungano. Na Saba Saba."

"Mmeiwekea simu ya Waingereza siku tuliyowafukuza?" aliropoka Generosa kutoka mlangoni. "Haki yake kununa!"

Watu waliangua kicheko, lakini Mzee Jashvant hakucheka. Alinyanyua simu ya mezani akampigia Chirag, ambaye, aliposikia simu imegoma, alidhani kampuni imempa namba ya uongo, na siku hiyohiyo alikuwa amejiandaa kwenda kugombana nao. Baadaye Chirag akapiga na jibu. Namba ilikuwa ya kweli. Ila simu ile, ikidanganywa mara kadhaa, hujifunga isipokee tena namba yoyote, hata iliyo sahihi. Dawa ni kuirudisha waifungue kwa mashine.

Mzee Jashvant akatoka barazani. Fundi Maganga alikuwa anakunja waya zake kwenye boksi.

"Fundi, nilikusema mbele za watu," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Basi na mbele za watu nakuomba radhi. Nilikuhukumu bila kujua. Hiyo meza usiisogeze hata kidogo."

"Wabeja, Baba Bhavna," alijibu fundi. Asante. Wakashikana mikono. Generosa akarudi na redio yake, akaiweka mezani kimyakimya, akaongeza na kitumbua.

Bhavna na Mbuke walipewa kazi ya kufagia baraza kila siku baada ya shule mpaka simu irudi. Ilisafiri na mgeni aliyekuwa akirejea Uingereza, na wao wakafagia msimu mzima wa pamba. Hatimaye simu ikarudi, ikatiwa laini, ikakubali. Mzee Jashvant akaenda nayo Isaka, ambako nako mnara ulikuwa umeshafika, akapiga simu ya dukani. "Lori limefika!" alipiga ukelele, na barazani walimsikia wote kutoka kwenye mkono wa simu, kana kwamba yuko sokoni.

Jioni hiyo Mbuke alimsaidia baba kubeba boksi la vifaa kuelekea nyumbani. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya mawe, na ng'ombe walikuwa wanarudi na vumbi lao.

"Baba, bado umenikasirikia?"

"Kwa kubonyeza? Hapana, ng'wanone, mwanangu. Mtoto asiye na hamu ya kujua ningemwogopa." Fundi Maganga alihamishia boksi bega la pili. "Kosa la kubonyeza lilifunga simu moja. Kimya chako ndicho kilichotaka kufunga baraza, kimtie lawama mtu asiye na kosa, na kimfanye Chirag agombane na watu bure. Kosa likisemwa mapema, watu wanajua pa kuanzia kulitengeneza. Likifichwa, kila mtu anatengeneza mahali pasipoharibika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Haya, tembea. Mama yako amepika maharage, na tukichelewa, hiyo simu haitatuokoa."