Maji ya Bwana Achama

Kila siku ilipofika saa tisa alasiri, Chapuchapu alipanda ngazi za jengo la ghorofa mbili akiziruka mbili mbili, begi la shule likimdunda mgongoni. Juu kulikuwa na kliniki ya meno ya shangazi yake. Aliwaamkia wagonjwa waliokuwa wakisubiri, akasukuma begi chini ya meza ya mapokezi, akanawa mikono na kwenda moja kwa moja kwenye tangi la samaki. Jina la Chapuchapu alipewa na baba yake, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akivaa viatu kabla ya soksi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na mambo ya soksi alikwisha kuyaelewa, lakini haraka haikuwahi kumwacha.

Tangi lenyewe halikuwa kubwa. Lilichukua lita arobaini za maji ya chumvi, likakaa juu ya kabati katika chumba cha kusubiri, limefunikwa kwa mfuniko mweusi wa plastiki wenye taa ndani yake. Waliishi humo konokono wawili wasiokuwa na habari na mtu, pamoja na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe. Kutwa nzima samaki huyo alifungua kinywa na kukifunga, kwa hiyo watoto wakamwita Bwana Achama. Mtoto aliyekataa kufungua kinywa mbele ya daktari aliletwa kwanza kwa Bwana Achama. Shangazi alimwambia amtazame mwenzake, yeye haambiwi mara mbili. Mara nyingi mtoto alicheka, na akicheka tu, kinywa kimeshafunguka.

Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kumlisha Bwana Achama, kufuta kioo na kusoma kipimajoto. Aliifanya kwa moyo mmoja, huku akitafuna karanga. Siku hizo alizitafunia upande wa kulia tu, lakini hilo alilifanya siri yake.

Msimu wa joto ulipoingia, kipimajoto kikapanda hadi nyuzi thelathini na moja. Bwana Achama akawa anakaa juu kabisa ya maji akihema. Shangazi alisema taa na mfuniko vinafungia joto ndani, na maji yakipata joto sana samaki hukosa hewa. Kuuondoa mfuniko hakukuwezekana, kwa sababu samaki wa aina ile huruka, na aliyemtangulia Bwana Achama alikutwa sakafuni asubuhi, amekauka. Walijaribu kuweka juu ya maji chupa ya barafu iliyofungwa vizuri, ielee. Joto likashuka kwa saa moja, kisha likarudi palepale.

Ndipo wakamwendea Fundi wa redio, aliyekuwa na duka chini ya jengo hilohilo. Alikuwa mzee mwembamba, penseli nyuma ya sikio, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akazama chini ya meza yake na kuibuka na feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, upana wake kama kiganja.

"Hii inatumia volti kumi na mbili," alisema. "Feni ya ukutani sitawapa. Umeme mkubwa na maji hawapatani hata kidogo."

Alikata tundu la mraba kwenye mfuniko, akaikaza feni kwa skrubu nne na kuweka wavu chini yake. Kilango cha kulishia samaki akakiacha wazi, nacho akakiwekea wavu wa kufunua, ili hewa inayoingia ipate pa kutokea. Waya aliuacha uning'inie chini kwanza, halafu upande kwenye plagi. Chapuchapu alipouliza sababu, Fundi alimweleza kwamba tone la maji likiteleza kwenye waya litaangukia sakafuni, halitafika kwenye umeme. Kesho yake kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na sita. Bwana Achama alikuwa akizunguka tangi zima kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake.

Furaha aliyokuwa nayo Chapuchapu siku hiyo haikuwa na mfano. Shangazi alimwita, akaanza kumweleza kwamba feni inapoza maji kwa kuyakausha, kwa hiyo kila siku yatapungua na itabidi ayaongeze. Alionyesha alama ya utepe kwenye kioo, akasema na maneno mengine kuhusu madumu mawili yaliyokuwa ndani ya kabati. Lakini mguu mmoja wa Chapuchapu ulikuwa umeshafika kwenye ngazi. Alitaka awe wa kwanza kumpelekea Fundi habari njema.

"Ndiyo, Shangazi," alisema, na mguu wa pili ukafuata.

Siku iliyofuata maji yalikuwa yamepungua upana wa kidole. Chapuchapu alifungua kabati, akakuta dumu la buluu na dumu jeupe. La buluu alilijua. Ndilo lenye maji ya chumvi ambayo Shangazi huyachanganya mwenyewe kwa ajili ya kubadilisha maji ya tangi kila mwisho wa mwezi. Chapuchapu hakujiuliza mara mbili. Samaki wa maji ya chumvi anataka nini tena kama si maji ya chumvi? Akamimina lita nzima mpaka kwenye alama. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka wiki ikaisha.

Siku ya nane aliletwa mtoto mdogo wa kiume, shavu limevimba. Alikuwa aking'ang'ania gauni la mama yake kwa mikono miwili. Shangazi akamwongoza kwenye tangi kama kawaida yake. Bwana Achama hakuonekana. Alikuwa amejificha nyuma ya jiwe, mapezi ameyabana, anahema haraka haraka, na chakula cha jana kilikuwa bado kinaelea. Yule mtoto aliangua kilio na kukataa katakata kukikalia kiti. Shangazi akampa mama yake dawa ya kupunguza uvimbe na kuwaambia warudi baada ya wiki moja.

Chapuchapu aliinama kabatini kuchukua maji, na kwa mara ya kwanza akaliangalia lile dumu jeupe. Lilikuwa limejaa pomoni. Kwenye ubavu wake Shangazi alikuwa ameandika kwa kalamu nzito: MAJI BARIDI YASIYO NA CHUMVI, YA KUONGEZEA KILA SIKU. Sasa ndipo alipoyakumbuka yale maneno yaliyosemwa nyuma yake, siku ile alipokuwa na haraka ya ngazi.

Angeweza kusema palepale. Shangazi alikuwa hatua tatu tu kutoka alipokuwa. Badala yake alilibeba dumu jeupe mpaka kwenye roshani na kuyamwagia maua maji mengi kupita kiasi, hata vyungu vikafurika. Alilirudisha kabatini likiwa jepesi. Jioni Shangazi alipomuuliza kama amekuwa akitumia dumu jeupe, akajibu ndiyo. Shangazi akaliinua, akaona limebaki kidogo, akaamini.

Usiku huo Chapuchapu alilala vibaya. Asubuhi darasani aliulizwa mji mkuu wa nchi jirani akajibu "chumvi," na darasa zima likacheka.

Alasiri alipofika kliniki alimkuta Fundi amesimama mbele ya tangi, bisibisi mkononi. Shangazi alikuwa akizungumza naye kwa upole, lakini uso wake haukuwa na raha.

"Sina nia ya kukulaumu, Fundi," alisema. "Ila maji ni yaleyale, chakula ni kilekile. Kitu kipya hapa ni feni tu. Huenda ina mafuta ya zamani yanayodondokea ndani."

Fundi aliigusa feni kwa kidole, akakinusa, akakitazama. "Niliisafisha kwa mikono yangu mwenyewe, Daktari. Lakini kama ndiyo inayomuua samaki wa watoto, sitaki ibaki hapa dakika moja."

Akaanza kulegeza skrubu ya kwanza. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Chapuchapu alitazama kipimajoto: nyuzi ishirini na sita. Feni ikiondoka, joto litarudi, na Bwana Achama hatafika kesho kutwa. Tena Fundi atashuka zile ngazi akiamini kwamba ndiye aliyemuua. Skrubu ya pili ikatoka. Chapuchapu akaweka mkono juu ya mfuniko.

"Siyo feni," alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Siyo feni, Shangazi. Ni mimi. Nilikuwa naongeza maji ya dumu la buluu. Wiki nzima. Halafu jana nikamwaga lile jeupe kwenye maua ili usijue."

Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka, akayaacha. Shangazi hakugomba. Alifungua droo, akatoa kipimo cha chumvi, kijisanduku cha plastiki chenye mshale ndani, akakijaza maji ya tangi. Mshale ulipanda, ukapita mstari wa kawaida, ukazidi kupanda.

"Sikupima kwa sababu nilikuuliza," alisema Shangazi. "Ulivyonijibu, sikuona haja ya kupima."

Maneno hayo yalimuuma Chapuchapu kuliko kama angepigiwa kelele. Fundi ndiye aliyemwokoa. Aliuliza, kama mtu anayetaka kujua kweli, maji ya chumvi yana kosa gani kwa samaki wa chumvi. Shangazi alimjibu huku akimtazama Chapuchapu. Sufuria ya mchuzi ikiachwa motoni, alisema, yanayoondoka ni maji. Chumvi haina mabawa, inabaki ndani. Ukiongeza maji matupu mchuzi unarudi kama ulivyokuwa. Ukiongeza maji yenye chumvi, na kesho tena, hakuna atakayeula. Feni nayo ndivyo inavyofanya kwenye tangi.

"Kwa hiyo feni yangu haina kosa," alisema Fundi.

"Haina kosa, Fundi. Nisamehe."

"Nisamehe na mimi," alisema Chapuchapu. "Shikamoo, Fundi. Hata shikamoo nilisahau."

"Marahaba, binti yangu," alijibu Fundi, na mabega yake yakarudi mahali pake. Akazikaza zile skrubu mbili, tena akaziongeza nusu mzunguko kwa furaha.

Kulikuwa na kazi ya kufanya, na safari hii haikutaka haraka. Shangazi alieleza kwamba wakiipunguza chumvi kwa mara moja, samaki atapata mshtuko na kufa. Kila alasiri Chapuchapu alitakiwa kuchota lita moja ya maji ya tangi na kutia lita moja ya maji yasiyo na chumvi kwa kikombe kidogo, taratibu, kisha kufidia kwa maji hayohayo yale yaliyokaushwa na feni. Siku saba ziliharibu, na siku saba zitatengeneza. Shangazi alimtaka amrudishie maelekezo yote kwa mdomo wake kabla ya kuanza. Akayarudia neno kwa neno, miguu yote miwili ikiwa sakafuni.

Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika. Siku ya pili pia. Siku ya tatu Bwana Achama alitoa kichwa nyuma ya jiwe, akakirudisha. Siku ya tano alidaka chembe moja ya chakula, na Chapuchapu akashuka ngazi moja moja, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwenda kumwambia Fundi, maana alikuwa ameshika kikombe. Siku ya saba mshale ulitulia kwenye mstari wake.

Yule mtoto wa kiume alirudi siku hiyo, uvimbe umepungua lakini bado amelishika gauni la mama yake. Akalisogelea tangi kwa wasiwasi. Bwana Achama alikuja mpaka kwenye kioo, akasimama mbele ya pua yake na kufungua kinywa. Mtoto naye akafungua chake. Wakatazamana hivyo, kisha mtoto akalitoa gauni mkononi na kwenda mwenyewe kwenye kiti. Chapuchapu alishusha pumzi ndefu, na kule mapokezi akasikia mama wa mtoto naye akishusha yake.

Wagonjwa walipokwisha, Shangazi alivua glavu na kukaa karibu naye.

"Unajua swali langu la kwanza kwa kila mgonjwa?"

"Linauma lipi."

"Hilohilo. Anayelionyesha kwa kidole namtibu siku hiyohiyo. Anayeniambia hakuna linalouma, ananifanya nigonge meno mazima na kuliacha bovu. Wewe ulinionyesha dumu jepesi, nikaenda kumgonga Fundi. Kukosea si shida, mwanangu. Mimi mwenyewe hukosea. Lakini kosa ukilificha, wanaotaka kukusaidia wanatibu mahali pasipouma, na mtu asiye na hatia anaumia. Sema mapema. Hata ukiwa na hofu, sema."

"Nitasema, Shangazi."

"Vizuri." Shangazi aliinuka na kuwasha taa ya kile kiti kikubwa. "Basi niambie. Ni wiki ya tatu hii unatafunia karanga upande wa kulia."

Chapuchapu alikitazama kiti, akaitazama ngazi. Halafu akamtazama Bwana Achama, aliyekuwa akifungua kinywa na kukifunga bila kuambiwa na mtu. Akatembea taratibu mpaka kwenye kiti, akakaa, akaachama kadiri alivyoweza, na kuweka kidole juu ya gego la kushoto.

"Hili," alisema. "Na linauma sana."

Shangazi aliinama, akaliangalia kwa kioo chake kidogo, akatabasamu. Kitundu kilikuwa bado kidogo, alisema. Litazibwa tu, halitang'olewa.