Sahihi za Jumamosi Zote

Walikutana supamaketi, mwisho wa mwezi, watu wamejaa mpaka mlangoni. Fundi friji alikuwa amelala chali nyuma ya jokofu la maziwa, ovaroli ya kijani, kitambaa kichwani, mkono mmoja umetokeza nje ukipapasa bisibisi. Bwana mmoja akaukanyaga.

"Yalaa! We, huoni?"

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Utanionaje, na macho yote umeyatumbukiza kwenye simu?"

Bwana huyo alikuwa wakala wa bima. Suti ya samawati iliyombana mpaka kukaa kwenyewe anafikiria kwanza, viatu vyenye ncha, manukato ya kutosha watu watano. Alikuwa anajipiga picha na kikapu. Kikapu, jamani! Nitamwita Suti, maana ukimvua ile suti sijui unabaki na nini.

Fundi alipoinuka akajifuta grisi shavuni, Suti akaisahau simu. Hilo nampa. Akaomba namba.

"Namba yangu ni ya watu wenye friji mbovu."

"Basi friji yangu imeharibika sasa hivi."

"Umejuaje, na uko hapa?"

"Mapenzi yanaona mbali, dada."

Fundi akacheka, masikini. Akaitoa.

Sasa, fundi alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara. Kila Jumamosi alikuwa mlezi wa kujitolea kwenye kituo cha vijana, nyuma ya stoo za mbao. Vijana waliofukuzwa shule, waliokwisha kulala rumande, kila mmoja anapewa mtu mzima wa kumsikiliza, kumsindikiza, na kutomkimbia. Suti aliposikia, huruma ikamshukia ghafla, kama inavyowashukia wanaume wengi wakiona shingo nzuri. Wiki hiyo hiyo akajiandikisha.

Akapewa Kiberiti, kijana wa miaka kumi na saba aliyeitwa hivyo kwa kuwaka upesi. Aliwahi kumrushia mwalimu kiti, akaishia rumande. Picha zikaanza. Suti na Kiberiti benchi moja. Suti amemwekea Kiberiti mkono begani. Suti anatazama mbali kama mtu aliyekabidhiwa nchi. Katika picha zote Kiberiti anaangalia mlango.

Na simu, asubuhi na jioni.

"Laazizi, umeamkaje?"

"Nimeamka, niko chini ya friji."

"Friji inanizidi nini?"

"Haina kelele kama wewe."

Mama mdogo wa fundi, aliyekuwa akiishi naye, alisikiliza yote kutoka chumba cha pili. "Mwanamume ananukia hivyo, unangoja nini?" Mizani yake ya ndoa ndiyo hiyo, pua.

Kituoni kulikuwa na daftari la mahudhurio. Mlezi akifika, anatia sahihi. Suti, mtu wa haraka, aliketi siku moja akatia sahihi Jumamosi zote mpaka mwisho wa mwaka. Kuokoa muda, alisema moyoni. Muda wa nani, Mungu anajua.

Kiberiti akaitwa usaili kwenye chuo cha mafundi bomba, Jumamosi saa nne asubuhi. Sharti lilikuwa moja: aliyewahi kushikwa na polisi aje na mlezi wa kumsemea.

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu," Suti akasema. "Nipo."

Jumamosi hiyo hiyo kampuni yake ilikuwa na sherehe. Walimpa cheti: Mlezi Asiyekosa Hata Siku Moja. Ushahidi? Kurasa za daftari. Naye alikwenda kukipokea, simu akaizima.

Asubuhi ile mratibu wa kituo alifungua daftari kuona ni kijana gani hana wa kumsindikiza. Akakuta sahihi ya Suti imekwishakaa mahali pake. Akafunga, akajua Kiberiti ana mtu. Kiberiti alisimama kwenye geti la chuo mpaka saa saba. Nafasi akapewa mwingine.

Fundi alipopata habari, akalifungua daftari mwenyewe. Akapiga simu mpaka ikapokewa.

"Mpenzi, nimepata cheti!"

"Naona sahihi yako ya Jumamosi ijayo. Na ya mwezi ujao. Umeshafika kote huko?"

"Si karatasi tu, mpenzi?"

Akakata. Alilia, nasema wazi, kwa sababu alimpenda, upumbavu na manukato yote pamoja.

Mwezi mzima Suti alipiga, hakujibiwa. Mwisho akaenda kwenye karakana ya fundi, hana tai, mkononi kiboksi cha pete.

"Nikubalie, mama. Nimekoma."

"Kamwombe radhi Kiberiti kwanza. Mbele yangu."

Walimkuta stoo ya mbao, amepata kibarua, vumbi la msumeno limemjaa kwenye nyusi.

"Mdogo wangu, nilikosa. Nisamehe."

"Haina shida, kaka."

Fundi akashtuka. "Wewe? Hukukasirika?"

"Nimkasirikie nini, dada? Nilijua hatakuja. Nilikwenda tu usije ukasema sikujaribu."

Suti akashusha pumzi, akatabasamu meno yote. "Unaona, mpenzi? Yamekwisha!" Akakifungua kiboksi palepale.

Fundi akalitazama lile tabasamu. Kijana hakumbakizia mtu huyu hata hasira, na mtu huyu anashangilia.

"Nakupenda," akasema. "Sikudanganyi. Mimi bado nakukasirikia. Lakini nikiolewa na wewe, iko siku nami nitasema haina shida."

"Si ndiyo vizuri?"

"Funga hicho kiboksi. Nenda."

Akaenda, njia nzima anajieleza, hata alipokuwa hasikiki. Fundi akaketi juu ya rundo la mbao, machozi yakamtoka mbele ya watu.

Kiberiti akatupa ubao chini, mishipa imemsimama. "Dada, amekuliza? Nimfuate?"

"Usithubutu!" Akacheka na kulia kwa pamoja. "Jumatatu tunakwenda chuoni, mimi na wewe. Nitakusemea."

"Wameshajaza nafasi."

"Nitakusemea hivyo hivyo."

"Na wakikataa?"

"Tutarudi Jumanne."