Redio ya Ile Wolseley

Redio ilinguruma kabla Wilfred Garbutt hajaiunganisha na betri.

Mkewe, Thelma, alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji na vikombe viwili vya chai. Aliusikia ule mngurumo mdogo, kama nyuki ndani ya kopo. Waya wa redio ulikuwa bado unaning'inia chini ya dashibodi, haujagusa kitu.

"Wil, mbona inalia?"

"Hailii. Masikio yako hayo."

Kwa miaka mingi dashibodi ya gari lao kuukuu, ile Wolseley, ilikuwa na tundu lililozibwa kwa kibao, na kibao kile kilimkera Wilfred kuliko jino bovu. Redio mpya hakuitaka. Alitaka ya umri wa gari lenyewe, ile ambayo ukiiwasha hukaa kimya kwanza ipate moto, ndipo itoe sauti. Alizunguka magulio ya vipuri jimbo zima la Yorkshire, huko Uingereza, asiipate, hadi alipoiona kwenye gari bovu ghalani kwa mkulima mmoja wa bonde la Swaledale, mzee Enoch Metcalfe, aliyekonda na ndevu zisizonyolewa. Mzee alimwambia achukue chochote, taa, magurudumu, hata usukani, ila redio asiiguse. Alipoingia ndani kuitikia simu, Wilfred akatoa bisibisi.

Hayo alimsimulia mkewe huku akicheka, kama mtoto aliyeiba tufaha kwa jirani.

Jumapili wakatoka na gari, mvua inanyesha. Wilfred akawasha redio. Kimya, mngurumo, kisha, badala ya muziki, sauti ya msichana, karibu mno, kama aliyekaa kiti cha nyuma.

"Baba, maji yanaingia."

"Mchezo wa redio huo," Wilfred alisema, akaizima upesi.

Thelma alikuwa akitazama viatu vyake. Zulia lilikuwa limelowa chapachapa, na gari zima linanuka tope la mtoni.

Kesho yake alikwenda gereji kutandika magazeti pale chini. Aliinama ndani ya gari, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, bila kishindo. Redio ilikuwa imezimwa. Hata hivyo ikanguruma.

"Kuna mtu? Jamani, nifungulieni. Mama? Mama, ni wewe?"

Thelma hakujaliwa mtoto. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, na neno lile lilimpenya mahali ambapo hakujua kwamba bado panauma, na kabla ya kufikiri, kabla ya kuogopa, akajikuta amejibu kwa sauti ya chini, "Nipo, mwanangu."

Kitu baridi, kilicholowa, kikaingia kiganjani mwake, kikashika vidole vyake.

Aliporudi jikoni alimsimulia mumewe yote. Wilfred alimsikiliza. "Mimi nimemsikia tangu siku ile niliyoichukua," alinong'ona. "Sikumjibu. Twende tukairudishe."

Mzee Metcalfe alitoka nje na mkate wenye nyama mkononi, amenyoa ndevu, mashavu yamemjaa. Alipoiona ile Wolseley uani akasimama mbali, hakuikaribia.

"Nimekuletea redio yako," Wilfred alisema kupitia dirisha la gari. "Samahani, mzee wangu."

"Hapana, hapana. Kaa nayo. Tangu uichukue nalala kama mtoto mchanga."

"Ni nani yule?" Thelma aliuliza.

"Doreen. Binti yangu. Mto ulifurika, tukatumbukia na lile gari la ghalani. Mimi nilitokea dirishani." Mzee aliutazama mkate wake. "Alikuwa amening'ang'ania mguu. Ilibidi nimpige teke, bibie, la sivyo tungekufa wote wawili. Nikadhani ni adhabu yangu, niibebe peke yangu, ndiyo maana nikakataza isiguswe. Kumbe anahama." Akatafuna kidogo. "Humganda aliyemwitikia. Nani kati yenu kamwitikia?"

"Yeye," Wilfred alisema.

Alilisema kabla mzee hajafunga mdomo. Papo hapo akafungua mlango wa upande wake, akashuka, akaufunga.

Thelma alivuta kitasa cha mlango wake. Hakikusogea. Akajaribu kuteremsha kioo, mpini ukazunguka bure, na chini miguuni akahisi baridi ikimpanda, akaona maji ya kahawia yakitokea mahali pasipo na tundu, yakibeba majani na vijiti, yakimpita vifundo, yakimpanda magotini, ilhali nje ya dirisha ua ulikuwa mkavu kabisa na kuku wa mzee wakidonoa taratibu kama hakuna linalotokea.

"Wil! Nifungulie, Wil, mume wangu!"

Wilfred alisogea. Mkono wake ulifika karibu na mlango. Kisha akayaona maji, akaona na kile kilichokaa kiti cha nyuma, nywele zimekigandia usoni, akarudi nyuma hatua baada ya hatua.

"Si ungenyamaza tu, Thelma," alisema kwa lawama. "Kwani ulishindwa kunyamaza?"

Mzee Metcalfe alimshika begani. "Usitazame, bwana. Ukitazama utamkumbuka. Njoo ndani."

Wakaenda wote wawili, mlango wa nyumba ukafungwa.

Thelma aligonga kioo hadi mikono ikafa ganzi. Maji yalipomfika shingoni, vile vidole vidogo vikajipenyeza tena katika vyake, vikabana, na redio ikasema kwa sauti tulivu, yenye furaha ya mtu aliyesubiri sana:

"Usiogope, mama. Yakishaingia puani hayaumi tena."