Damu Yangu Wanayo

Dada mtu alikata vitambaa, mdogo wake wa kike akashona. Sare za nusu ya wanafunzi wa mtaa zilipita katika chumba chao kimoja. Mshono ukienda upande, dada alicheka: "Mdogo wangu, hii suruali umemshonea kaa?"

Mama yao alikufa kwa saratani ya matiti. Baada ya msiba, watafiti wa hospitali waliomba damu kwa watoto wa waliougua. Mdogo aliogopa sindano, yeye anayeshinda na sindano mkononi! Dada akaenda peke yake.

Baadaye dada aligusa kinundu kwenye titi. Hakikuuma.

"Twende hospitali," mdogo alimwambia.

"Ya nini? Damu yangu wanayo. Kungekuwa na ubaya wangeniita."

Maneno hayo yalimtuliza mdogo, kwa sababu alitaka yawe kweli. Wakaendelea na kazi, na miezi ikapita.

Siku moja jirani alileta koti lake jeupe lipunguzwe mikono. Alifanya kazi katika maabara ya watafiti wale, na mtaa mzima ulimwita Bwana Vichupa. Alimwona dada akikunja uso alipoinua mkono kutundika nguo.

"Mkono una nini, dada?"

"Uzee tu. Kinundu ninacho, lakini damu yangu mnayo na mmenyamaza. Basi mimi mzima."

Bwana Vichupa aliketi kwanza.

"Dada yangu, ile damu haikuwa ya kukupima wewe. Saratani inapoanza, huenda ikaacha alama ndogo kwenye damu. Alama hizo ndizo tunazozitafuta. Tunalinganisha damu za wazima na za wagonjwa, miaka nenda miaka rudi. Kipimo cha kuaminika bado hatujakipata. Siku ile tulieleza, lakini tulieleza harakaharaka."

"Kwa hiyo kimya chenu..."

"Si majibu. Ukigusa kinundu, titi likibadilika umbo, chuchu ikitoa damu, nenda hospitali. Usingoje maumivu, wala usitungoje sisi."

Walikwenda kesho yake. Ngoja ngoja ilikuwa imeshaumiza: saratani ilifika kwapani na kwenye mifupa. Dada alitania mpaka wodini, kisha utani ukamwisha. Walimzika kabla shule hazijafunguliwa. Vitambaa vilibaki mezani bila kukatwa.

Bwana Vichupa alipofuata koti lake, alimkuta mdogo amekaa mbele ya cherehani, hashoni.

"Damu ya dada bado ipo?"

"Ipo kwenye jokofu. Ilichukuliwa kabla hajajua kama anaumwa. Damu ya namna hiyo ni adimu. Pengine alama zilikuwa zimeshaingia."

"Basi ilikuwa inasema."

"Labda. Sisi ndio hatujajua kuisikiliza."

Mdogo alilia sana. Asubuhi alifunga chumba, akaenda kupimwa matiti, kwa mkono na kwa picha. Kilionekana kinundu kidogo kuliko kifungo cha shati. Kilikuwa saratani changa. Alifanyiwa upasuaji, akamaliza matibabu, akarudi kwenye cherehani akiwa na afya, ingawa chumba kilikuwa kimya mno.

Kisha alikwenda kwa watafiti, akanyoosha mkono na kufumba macho.

"Unajua hii si ya kukupima wewe?" Bwana Vichupa alimuuliza.

"Najua. Ni ya hawa ninaowashonea sare."