Funda la Kwanza

Nazira aliulaza mchi juu ya kinu, akaenda kunawa mikono kwenye ndoo, na nyuma yake kinu kikatwanga mara moja zaidi.

Aligeuka. Ua ulikuwa mweupe kwa jua la adhuhuri, jua lile la Quionga linalowanyamazisha hata kuku. Mchi ulikuwa palepale alipouweka. Akajiambia ni nazi imeanguka nyuma ya nyumba, ingawa nyuma ya nyumba hapakuwa na mnazi, akarudi kwenye kazi yake kwa sababu kazi ilikuwa tele.

Mwaka ule gesi ilikuwa imeonekana baharini, na huku nchi kavu kila mwanamume mwenye miguu miwili alitaka kazi kwenye kambi ya gesi. Kambi haikumchukua mtu hivihivi. Kwanza ilikuwa exame, uchunguzi wa afya: damu, mkojo, presha, moyo. Wanaume waliobeba magunia ya mihogo tangu utotoni wakaanza ghafla kuiogopa damu yao wenyewe. Nazira, binti wa mganga, akaiona riziki hiyo mapema. Marehemu mama yake alikuwa na mzizi mwekundu wa kusafisha damu. Nazira aliutwanga, akauchekecha, akaujaza katika maganda matupu ya vidonge yaliyovushwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, akavitia kwenye chupa zenye picha ya jani la kijani na neno moja la Kireno: Natural. Akiulizwa kama vina madhara, alicheka.

"Madhara yatoke wapi? Hii mizizi tu. Ameotesha Mungu, siyo kiwanda."

Watu wakanunua, maana hilo ndilo walilotaka kusikia.

Mama yake hakufanya hivyo. Yeye aliusalimu mti kwanza, akaunyunyizia unga shinani, akachimba kwa mkono upande wa macheo, kisha akafukia shimo. Na kabla mgonjwa hajaigusa dawa, yeye mwenyewe alikunywa funda la kwanza kwa kata ya kifuu, mbele ya mgonjwa, uso ukimkunjamana kwa uchungu. "Mzizi huu una mwenyewe," alikuwa akisema. "Akitaka kukasirika, anianze mimi ninayemjua." Mgonjwa naye, akiuona uso ule, alikunywa kidogo tu na kushukuru.

Nazira hakuchimba kabisa. Matrekta ya watu wa gesi yalikuwa yamekata picada, njia ndefu zilizonyooka katikati ya pori, na kando yake miti ililala mizizi juu. Yeye aliokota tu, kama anayeokota kuni. Nani atausalimu mti uliokwisha kung'olewa? Na hilo funda la kwanza, angelinywa na wateja wangapi, wakati chupa zenyewe zinapakiwa garini kwenda mjini Palma?

Kilichomfurahisha zaidi ni yale maganda. Uchungu haukusikika tena ulimini. Mumewe Suleimane, mtu ambaye hata uji usio na sukari ulimshinda, alimeza asubuhi na kumeza jioni, na siku aliyojihisi mchovu aliongeza. Alikuwa anangoja kuitwa kwa exame.

"Nataka damu yangu iwe kama maji ya kisima," alimwambia mkewe, akijipigapiga kifua kama mtoto. Nazira alimpenda mno kwa maneno hayo. Alimfungulia chupa nyingine kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya udongo uliopasuliwa sasa hivi, mbichi, imechanganyika na dizeli, na ilikaa chumbani kwao ambamo hapakuwa na udongo wala dizeli. Nazira akafagia, akafukiza udi, akafua shuka. Asubuhi alikuta vumbi jekundu kwenye mto wa Suleimane, nao wanakaa kwenye mchanga mweupe.

Suleimane akaanza kukataa chakula. Hata samaki wa kuchoma, ambaye zamani alimla mpaka kichwa, alimgeuzia uso. Akaanza kujikuna mikono, tumbo, nyayo, akijikuna huku anazungumza, akijikuna huku amelala. Mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi. Na kila jua lilipofika utosini, kinu kilichokuwa kitupu uani kilitwanga, pigo moja, kimya, pigo jingine.

Siku alipomwona macho yamekuwa ya manjano, Nazira alimpeleka Palma kwa nesi Germano, Mmakonde mmoja mpole aliyezoea kusikiliza kuliko kusema. Germano alimvuta Suleimane kope la chini, akambonyeza ubavu wa kulia, Suleimane akaguta.

"Fígado, mama. Ini limeumia. Amekunywa nini? Pombe?"

"Sisi Waislamu, senhor enfermeiro."

"Basi dawa. Za hospitali, za mizizi, za sokoni, zote nitajie. Hata majani. Yapo majani yanayoua ini polepole, mtu mwenyewe anajiona anajitibu."

Nazira alimtazama mumewe, akawakumbuka watu wote waliomwamini, akayafikiria yatakayosemwa Quionga nzima jioni ileile. Akaona haya. Haya ile ilimfunga mdomo kama kamba.

"Hajanywa kitu," alisema.

Germano aliitazama mikono ya Suleimane iliyochubuka kwa kujikuna. "Kama hajanywa, asinywe. Kama amekunywa, aache leo. Akizidi kuwa wa manjano, au akianza kusema ovyo, mrudisheni upesi."

Waliporudi nyumbani Nazira aliifukia chupa chini ya gunia la mpunga. Kesho yake, adhuhuri, alisikia kinu, lakini safari hii sauti haikutoka uani, ilitoka ndani, na alipoingia chumbani alimkuta Suleimane ameketi kitandani, macho yamefumbwa, usingizi mzito unamkoroma puani, na mkono wake, ule mkono alioushika siku ya ndoa, unachota vidonge kutoka kwenye chupa yenye punje za mpunga na kuvitia kinywani kimoja baada ya kingine, bila maji, bila pupa, na kila alipomeza, pigo la kinu lilisikika kutoka chini ya mbavu zake.

"Suleimane," alinong'ona. "Mume wangu. Acha."

Mdomo ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa na mchanga ndani yake.

"Siyo Suleimane."

Nazira alikimbia bila viatu kwenda kwa Bi Mwanawetu, mdogo wake marehemu mama, aliyekuwa akiagua wenye majini kule upande wa minazi. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Nani alikunywa kwanza?"

"Hakuna, mama mdogo."

Bi Mwanawetu akafunga macho. "Wee mtoto. Umemvunjia mamako heshima kaburini."

Walirudi pamoja nyumbani kwa Nazira, wakamlaza Suleimane kwenye mkeka, wakamfunika shuka nyeupe. Bi Mwanawetu akawasha ubani, akamwaga unga kichwani na miguuni, akasoma aliyoyasoma. Akauliza kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe: "Mgeni wetu, unatoka wapi?"

"Siyo mgeni," ilisema ile sauti chini ya shuka. "Wageni ni ninyi. Nilikaa penye mzizi wangu kabla hapajaitwa jina. Wakanipindua na chuma. Hawakuniambia niende wapi. Nikasema nitangoja, watu wa hapa wananijua, watakuja na unga. Akaja huyu. Akaniokota. Akanitwanga. Akanikatakata, akanifungia kwenye vijumba vya giza, akaniuza."

Nazira alilia waziwazi. Kila mtu pale pwani alikuwa akiogopa siku atakapoambiwa ahame apishe gesi, naye alikuwa amemfanyia hivyo mwingine bila hata kumwamkia.

"Unataka nini?" aliuliza Bi Mwanawetu.

"Mdomo wa kwanza."

Bi Mwanawetu alimgeukia Nazira, akasema kwa sauti ya chini: "Nisikilize. Mimi naweza kumbembeleza atoke. Ini la mumeo siwezi kuliosha. Hili likiisha unarudi kwa Germano na ile chupa mkononi, unamwambia kila kitu, umenisikia? Kila kitu. Na utakachokunywa sasa, unajua kinafanya nini. Sikulazimishi."

Nazira alijua. Alikuwa ameyaona macho ya manjano, aliusikia mguto wa Suleimane ubavu ulipobonyezwa. Alitoa kata ya mama yake ukutani, akavipasua vidonge kwa kucha, akaumimina unga mwekundu majini. Akasema salamu aliyokuwa akiisikia utotoni, ile ya mtini. Kisha akanywa, na uchungu ambao kwa miezi alikuwa ameuficha kwenye maganda ukamkamata ulimi, ukamkamata koo, ukateremka ukimkwangua mpaka tumboni, akajua kwa mara ya kwanza amekuwa akiwapa watu kitu gani.

Chini ya shuka Suleimane alipumua pumzi ndefu. Harufu ya dizeli ikapungua, ikaisha.

"Nazira," aliita, kwa sauti yake mwenyewe. "Nina kiu."

Alimrudisha kwa Germano siku ileile, akaiweka chupa mezani, akasema yote. Germano hakumkemea. Alimlaza Suleimane, akamtundikia maji ya dripu, na baada ya wiki kadhaa za kungoja na kuomba dua, weupe ukaanza kurudi machoni. Exame ilipita bila yeye, kazi ikachukuliwa na mwingine, wala Nazira hakujali. Alikuwa na mume anayekula samaki mpaka kichwa. Alikipasua kinu kwa shoka, na kwa kuni zake akampikia Suleimane uji wake wa kwanza baada ya ugonjwa.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wako msikitini, Suleimane akiwa miongoni mwao, Delfina, jirani wa Nazira, alipochungulia juu ya ua wa makuti. Mume wa Delfina naye alikuwa anangoja kuitwa kambini.

"Mana Nazira, dada yangu, unatwanga nini leo? Tangu asubuhi nasikia kinu."

Nazira alitazama pale kinu kilipokuwa. Palikuwa na duara tu mchangani. Akatega sikio. Pigo moja, kimya, pigo jingine. Lilitoka nyumbani kwa Delfina. Nyuma yake likajibu jingine, nyumba ya tatu, halafu jingine, mbali zaidi, upande wa barabara iendayo Palma, kote zilikokwenda chupa zake.

"Mume wako hajambo?" aliuliza.

"Yupo ndani. Anajikuna tu, sijui mbu gani hawa. Na wewe macho yako yana nini, mana? Mbona ya manjano?"

Nazira aliingia ndani, akaitoa kata ukutani, akapita kwenye mwanya wa ua.

"Ile chupa niliyokuuzia iko wapi?" alisema. "Niletee na maji. Naanza kunywa mimi, halafu tunampeleka hospitali."

Ndani ya nyumba ya Delfina, kinu kikanyamaza, kikangoja.